Kofia ya Mstari wa Kwanza

Siku ile kofia ya marehemu mume wangu ilikuwa sokoni Kivinje, inanunua vibua. Niliiona kwa mbele, juu ya kichwa cha mtu nisiyemjua, mwembamba, anabishana na muuza samaki juu ya ukubwa wa fungu. Nilisimama na kikapu changu, nikasahau nilichokuja kununua. Mume wangu yuko kaburini mwaka wa tatu, na kofia yake nilikuwa nimeiacha nyumbani ndani ya kasha, imekunjwa kwenye kitambaa cheupe. Ya pili yake haijapata kuwako. Nina hakika, maana ya kwanza niliishona mimi.

Yule mtu akalipa, akageuka kuondoka, na hapo ndipo nikaona nyuma. Kofia ya mume wangu ina majani ya mkorosho yanayofuatana kuzunguka ukuta wake wote, na kwenye kisogo majani ya kulia na ya kushoto yanakutana, yananing'inia mawili, sawasawa, kama sahani za mizani. Hii ya sokoni kwa mbele ilikuwa na majani yangu, moja baada ya jingine, hata mshipa wa katikati umeigwa. Lakini kisogoni palijazwa vijiua vya kivivu, vile anavyofundishwa msichana siku ya kwanza anaposhika sindano. Nikajua mara moja. Aliyeishona aliitazama yangu kwenye picha, na picha ile haikuonyesha nyuma.

Wala sikuhitaji mpelelezi. Picha hiyo naijua ilikopigwa, ni uani kwangu.

Kwetu msichana aliyeposwa humshonea mchumba wake kofia kwa mkono. Urembo wake anauchora mwenyewe kwa penseli, anatoboa matundu, anazungushia uzi, na kazi hiyo humla miezi. Mimi wa kwangu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, anapima korosho na ufuta, na alikuwa na majivuno yasiyo na mpaka kwamba mizani yake haijawahi kulala upande. Kila akija kwetu kubarizi lazima aliseme hilo. Nikamshonea hiyo mizani yake kisogoni, aivae asiione, wengine waione. Alipogundua alicheka mpaka akakaa chini. Aliivaa kila Ijumaa tangu siku hiyo hadi alipolala asiamke.

Na kuna adabu moja, haijaandikwa popote, wala sheikh hajaitolea mawaidha. Urembo wa kofia ya mume wa mtu hauigwi. Unaweza kuusifu, unaweza kuutazama hadi macho yakuume, lakini ukiushona, watu watajiuliza hicho kichwa umekijulia wapi. Wanawake wote wa mtaani kwetu tunalijua hilo kama tunavyojua kutoingia na viatu msikitini.

Basi imekuwaje?

Nilipotoka eda nilikuwa mtu wa kugombana na kuku. Nimestaafu ualimu, nyumba imekuwa kubwa ghafla, na chaki sina tena ya kumrushia mtu. Wanawake wa jirani wakaanza kuja uani kwangu mchana na sindano zao, wakisema wamefuata kivuli, nami nikajifanya nimeamini. Miongoni mwao alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu, mshonaji hodari na msemaji hodari zaidi. Binti yangu, aliyekuwa amerudi kutoka Dar na kompyuta yake, akatutazama wiki nzima kisha akasema kofia hizi zinaozea hapa bure. Akatupeleka kwenye duka la mtandaoni.

Nilidhani kuuza mtandaoni ni kupiga picha na kusubiri. Kumbe duka halioni kofia, linaona mistari. Binti yangu alinionyesha jedwali lake: kila kofia mstari mmoja, na kila mstari una jina, rangi, saizi, picha na idadi iliyopo. Jedwali hilo hutumwa dukani, na duka ndilo linalolisoma na kulipanga. Nami mwalimu nikasema hilo rahisi. Likarudishwa lote. Duka lilisema kofia zetu zinafanana mno, zinarudiarudia, tuziweke pamoja: bidhaa mama moja, na chini yake watoto wanaotofautiana kwa rangi na saizi.

Ungewasikia wale wanawake. Zinafanana? Kofia ambazo mtu amezishona tangu kusia mahindi hadi kuyavuna? Binti yangu akawaeleza kwa upole kwamba machoni pa mteja wa mbali kofia ni kofia, anataka ukurasa mmoja achague nyekundu au bluu, kubwa au ndogo. Wakakubali kwa shingo upande, na hapo ndipo tukaingia kwenye rangi.

Duka lina rangi zake na halitaki nyingine. Sisi tulikuwa na damu ya mzee, ugoro, maji ya kunde, na ile ya ganda la korosho bichi ambayo kila mtu uani anaijua na hakuna awezaye kuieleza. Duka likataka maruni na kahawia. Ugoro na maji ya kunde zikatiwa zote kwenye kahawia, na wenyewe wakanuniana kwa kuwekwa chungu kimoja. Saizi nazo zilikuwa mchezo. Binti yangu aliuliza kila mmoja kofia yake ni inchi ngapi. Wifi yangu akajibu kwamba ni ya mume wake. Hakuwa anatania. Mshonaji wa kwetu hupima kwa kichwa kilicho karibu naye, na huo ndio uwastani wake. Tulipozungusha utepe tukakuta kofia tatu zilizoitwa za wastani, kila moja na kipimo chake. Tulicheka sana siku hiyo. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu hatukupata kingine.

Maana bidhaa mama inahitaji sura. Duka linataka picha moja ya kuwekwa mbele, mstari wa kwanza kabisa, ambayo mteja ataiona kabla hajafungua chochote. Kila mwanamke akataka iwe yake. Hawakusema hivyo, walisema tu kwamba ya fulani imepinda, na ya fulani uzi wake umefifia. Ikafika mahali wawili hawapeani tena sindano. Binti yangu, ambaye amerithi kwa baba yake tabia ya kusawazisha mambo, akatoa shauri: tuweke mbele kofia ambayo si ya yeyote kati yetu na haiuzwi. Tuweke ya baba.

Wote wakakubali, wifi wa kwanza. Alisema kaka yake alikuwa mtu wa haki, na amkabili mteja yeye. Nami nikakubali. Nilitoa kofia kashani, nikaiweka juu ya chungu kilichofunikwa, ikapigwa picha kwa mbele tu, mwanga ukiwa mzuri. Binti yangu akaandika mstari wake na upande wa idadi akaweka sifuri. Kupigwa picha na kuuzwa ni vitu viwili, na mimi nilikubali kimoja.

Sasa duka hilo lina tabia nyingine ambayo hatukuijua. Picha nyingi za watoto lilizikataa: hii ina mguu wa kuku, hii ina kivuli cha mpigaji, hii imepigwa juu ya mkeka wenye marembo. Na mtoto asiye na picha, duka humwazima ya mama yake. Kwa hiyo mteja wa Dodoma au wa Mwanza alipobonyeza maruni, saizi yoyote, alikutana na kofia ya mume wangu. Akibonyeza kijani, ni yeye. Bluu, ni yeye. Watu wakaipenda. Oda zikaja kuliko tulivyotarajia, tukashangilia, tukatuma kofia zetu za kweli, na wiki chache baadaye malalamiko yakaanza kumiminika. Nzuri, walisema, lakini si hii niliyoiona. Duka likatuonya: kilicho kwenye picha ndicho kitumwe, la sivyo tutafungiwa.

Uani siku hiyo hakuna aliyeshona. Wenzangu walitazama mapaja yao, na nikaelewa kwamba walishazungumza mahali pengine kabla ya kuja kwangu. Aliyepewa kusema ni wifi. Alianza mbali, akanisalimia nyumba nzima, akamrehemu kaka yake, kisha akaniomba niwaruhusu waushone urembo ule, mpaka picha zirekebishwe tu.

Nilikataa. Sikutafuta maneno laini. Nilisema heri duka lifungwe na milango yake ing'olewe.

Wifi aliniambia mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ni kweli mimi nina pensheni yangu, ndogo lakini inakuja. Yeye ana mikorosho Mitole, na msimu ule ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umekula maua yote, vishada vimesimama vyeupe kama vimenyunyiziwa majivu. Nilijua anayosema. Kujua hakukunilainisha. Nilimwambia njaa haimfanyi mtu avue maiti kofia, na kina mama wale wakaanza kukusanya nyuzi zao mmoja mmoja.

Binti yangu aliahidi kutengeneza. Alisema atapiga upya kila picha juu ya kitambaa cheupe, atagawa makundi, kila mshonaji awe na bidhaa mama yake na watoto wake. Lakini duka lilikagua mistari kwa wakati wake, lilirudisha hiki, likauliza kile, na bando nalo lilikuwa likiisha katikati ya kupandisha picha. Wakati yeye anahangaika na hayo, mtu alikuwa ameketi mahali na simu mkononi, anakuza picha kwa vidole viwili, anahesabu matundu ya majani yangu.

Kutoka sokoni sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa wifi, kikapu kitupu. Nilimkuta barazani kwake, na kofia aliyokuwa akiishona hakuificha. Majani ya mkorosho, damu ya mzee. Nikamwambia nimekutana na kaka yake sokoni, ananunua vibua. Alielewa papo hapo. Alisema ile ilirudishwa na mteja, ilimbana, na yeye akamuuzia mpita njia kwa bei ya hasara kwa sababu ndani hakukuwa na unga.

Nilisema mengi. Nilisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilisema nilidhani ataiba mtu baki, si damu yake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema polepole:

"Wifi, alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni."

Nikamjibu, "Kaka yako hakuwa na kisogo kile."

Aliigeuza ile kazi mkononi mwake, akaiweka chini kifudifudi. Nikaondoka nikijua nimemshinda, nikarudi nyumbani na kikapu kile kile kitupu.

Nyumbani nikamgeukia binti yangu. Kumbe kofia zile za wifi aliziona wakati wa kufunga mizigo, na akanyamaza. Alidhani tutaelewana wenyewe kama watu wazima. Nilimwambia anifutie baba yake kwenye duka lile, saa hiyo hiyo, nikimwona. Akafungua kompyuta, akaniwekea kiti, akanieleza kwa sauti ile aliyokuwa akizungumza nami wakati wa eda. Mstari wa kwanza ndio unaoshika kundi zima. Ukifutwa, watoto wote wanabaki hawana mama, duka linawaondoa, na sifa zote ambazo wateja wameandika zinapotea nao. Makundi mapya bado hayajakubaliwa. Kina mama wataanza sifuri, na wengine hawataanza kabisa.

"Na kuna watu wameshalipa, mama," alisema. "Wanaisubiri hiyo ya kwenye picha. Nifanye nini?"

Nilimwambia aizime hiyo kompyuta. Siku zilizofuata hakuna aliyekuja uani kufuata kivuli. Nilifagia, nikapika, nikamsalimu binti yangu na yeye akanisalimu. Wifi tulikutana njiani mara moja, tukaulizana habari na kujibiana nzuri, kila mtu akishika upande wake wa barabara. Katika ukoo wetu watu wamewahi kufa bila kusemeshana kwa mambo madogo kuliko hilo, na nilianza kuuona mwanzo wake.

Kilichokuwa kikinitafuna kilinishangaza mwenyewe. Nilipofumba macho nikauuliza moyo wangu, haikuwa kwamba mtu wa Mwanza ataswali na majani yangu kichwani. Mtu huyo simjui, Mungu amtakabalie. Kilichoniuma ni yule mtu wa sokoni alipogeuka. Kwa mbele alinipa mume wangu, kisha akanipa mgongo na mume wangu hayupo. Mume wangu alikuwa mtu wa kutoka alfajiri kwenda kwenye mizani, na mimi mtu wa kusimama mlangoni. Miaka yote ile nilimwona zaidi akienda kuliko akija. Sura yake siku hizi inanijia kwa shida, lazima nitafute picha. Kisogo chake nakijua. Shingo ile yenye mikunjo miwili, na juu yake mizani yangu imetulia, inapungua, inapungua, mpaka kona ya msikiti. Na sasa kofia zile zinaenda nchi nzima na vijiua vya msichana wa siku ya kwanza mahali pale, na kila atakayezivaa atakuwa ananifutia.

Asubuhi moja nilifungua kasha. Sikumwambia binti yangu ninakokwenda, na yeye hakuuliza, alitazama tu kile kitambaa cheupe kwapani kwangu. Njiani nilikuwa nimejiandalia la kusema, na lilikuwa kali: kwamba kama ni lazima atembezwe mjini, basi atembezwe mzima. Nilipanga kulisema nikiwa nimesimama, niiweke kofia, nirudi siku ya tatu kuichukua.

Wifi alikuwa uani anapepeta mtama. Alinikaribisha, nikamkabidhi kitambaa, akafuta mikono kwenye kanga kabla ya kukipokea. Akakifungua taratibu. Majani ya mbele hakuyatazama hata kidogo. Aliigeuza kofia papo hapo, akaweka kidole gumba juu ya yale majani mawili yanayoning'inia, na hakukiondoa.

"Sikuyakumbuka," alisema. "Nilikaa kutwa nzima na kitambaa mkononi, najiuliza nyuma palikuwa na nini. Kaka yangu mwenyewe. Nimekaa nyuma yake kwenye baiskeli toka Mitole mpaka huku, na sikukumbuka. Nikaona haya kuja kukuuliza. Ndiyo nikaweka maua."

Lile neno langu kali nilikuwa nalo bado mdomoni. Nililimeza. Nikavuta kigoda nikakaa, nikamwomba kitambaa kipya na penseli, akaniletea vyote. Nikaanza kumchorea jani la kushoto, kisha la kulia, yanavyoshuka, yanavyosogeleana. Nilipofika pale yanapokutana sikuona tena ninachochora. Wifi akaushika mkono wangu uliokuwa na penseli, na mstari wa mwisho ukachorwa na yeye.